Seva Iliyozimwa Ili Izinduliwe

Kifurushi kilikuja na basi la Arusha, kimezungushiwa selotepu mpaka hakionekani rangi, na Mkuu wa chuo alitaka kifunguliwe mbele ya watumishi wote. Tulikusanyika ofisini kwake baada ya chai ya saa nne. Alikata selotepu kwa kisu cha kukatia mkate, akaniita mbele kama bibi harusi.

"Madam," akasema, "leo kilio chako kimesikika."

Nilikuwa nimeomba ramu kwa ajili ya seva ya chumba cha kompyuta. Niliandika aina yake, ukubwa wake, na picha nikabandika ili mtu asipate shida dukani. Ndani ya boksi kulikuwa na diski. Ilikuwa diski nzuri, ya zile nyembamba zenye kasi, lakini ilikuwa diski. Niliishika kiganjani nikahisi joto linanipanda shingoni.

Mwenyekiti wa kamati ya manunuzi, ambaye ni mwalimu wa useremala, aliona uso wangu akadhani ni furaha. "Wewe uliomba gigabaiti sitini na nne," akanieleza. "Tumefika dukani, yule kijana akatuonyesha hii ya elfu moja, na bei ni ileile. Sasa sisi tuchukue sitini na nne wakati elfu moja ipo? Tumekutetea, Madam."

Wakapiga makofi. Nikasema asante, kwa sababu mbele ya watu wazima waliokwenda Arusha na kurudi kwa ajili yako huwezi kusema kitu kingine. Kisha nikatoka, nikazunguka nyuma ya karakana ya uchomeleaji, nikautukana ukuta.

Ngoja nieleze, maana asiyejua tofauti ataona nilikuwa na kiburi. Ramu ni meza ya jikoni, pale unapokatia vitunguu na kupanga sahani. Diski ni stoo. Wageni wakiwa wengi unaomba meza kubwa zaidi. Mtu akikujengea stoo, hata iwe kubwa kama godauni, hajakusaidia kupika. Na mimi wageni wangu walikuwa njiani.

Chuo chetu cha ufundi kipo Maisaka, mahali ambapo nyumba za mji zinaanza kuyaachia mashamba nafasi, na fedha za kununua kompyuta kwa kila mwanafunzi hatujawahi kuwa nazo. Tulichonacho ni skrini na kibodi kuukuu, na seva moja iliyokaa katika chumba kidogo cha jirani kilichowahi kuwa stoo ya majembe. Ndani ya seva hiyo ninaendesha mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili. Mwanafunzi akikaa kwenye skrini yake anaona kompyuta kamili, kumbe ni kipande cha ile seva nilichomkatia. Kila kipande kinataka kumbukumbu yake, ndiyo hiyo ramu. Diski ya zamani ilikuwa inazunguka kwa kukohoa, kwa hiyo nilikuwa nimepanga zamani kwamba chochote anachofanya mwanafunzi kikae kwenye kumbukumbu ya mashine yake tu. Kipindi kikiisha anahamishia kazi kwenye flashi, mashine inazimwa, na ikiwashwa tena inaamka tupu.

Kwa vipindi vya kawaida mpango huo ulikuwa unatosha, kwa sababu tuliingia kwa zamu. Mtihani wa vitendo ndio ulikuwa unakuja kuuvunja. Siku ya mtihani darasa zima huingia kwa pamoja, flashi haziruhusiwi kwa sababu ya kunakiliana, na msimamizi kutoka nje ndiye anayekusanya kazi zote mwishoni, moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Ramu niliyokuwa nayo ilitosha nusu ya darasa.

Katika darasa hilo kulikuwa na mwanamke wa kijiji cha Nakwa ambaye vijana walimwita Mama Kijacho tangu tumbo lake lilipoanza kuonekana. Alikuwa karibu rika langu, na ndiye pekee aliyekuwa anafuta kibodi kwa kitambaa kabla ya kuigusa. Kiwanda kimoja cha kukamua alizeti pale mjini kilikuwa kimemkubali awe karani wa kupokea mbegu, kwa sharti la kuleta matokeo ya mtihani kabla magunia ya msimu hayajaanza kuingia. Mtihani ulikuwa umepangwa wiki chache kabla ya msimu, na mtoto alitarajiwa katikati.

"Mimi nimewapanga foleni, Madam," aliniambia siku moja akijishika kiuno. "Mtihani, mtoto, kazi. Mmoja akichelewa, wote wanachelewa."

Nilikumbuka kwamba kuna njia. Unaweza kuiambia seva kwamba kumbukumbu ya mashine pepe isitoke moja kwa moja kwenye ramu, itoke kwenye faili lililopo juu ya diski. Mashine yenyewe haijui. Inaona ina kumbukumbu yake kama kawaida, na huku chini seva inahangaika, inaweka kwenye ramu kile kinachotumika sasa hivi na kingine inakisukumia kwenye faili. Kwa diski ya zamani huo ungekuwa wazimu, lakini kwa hii mpya yenye kasi inawezekana. Yaani walikuwa wamenijengea stoo, na mimi nikaamua kupikia humohumo.

Kuamua kulikuwa rahisi. Nilinunua bando, nikasoma maelezo kwenye simu huku umeme ukikatika na kurudi, maelezo yaliyoandikwa na watu ambao ni wazi hawajawahi kukatikiwa umeme. Nilihariri mipangilio ya mashine moja ya majaribio, nikaandika kwamba chanzo cha kumbukumbu ni faili. Nikaiwasha. Ikakataa, ikasema hairuhusiwi. Folda niliyoitengeneza ilikuwa mali yangu, si mali ya ile huduma inayoendesha mashine. Nikabadilisha umiliki, ikakataa tena. Safari hii ni programu ya ulinzi ya seva, mlinzi asiyeijua folda yangu na asiyetaka utambulisho. Nikamwandikia ruhusa. Ikakataa mara nyingine, kwa sababu miaka ya nyuma nilikuwa nimewasha kurasa kubwa za kumbukumbu ili mashine ziende haraka, na hizo na mpango wa faili havikai nyumba moja. Nikaziondoa kwa uchungu kabisa, maana nilizihangaikia wakati huo kama ninavyohangaika sasa.

Na katikati ya hayo yote mlango unagongwa. Hapa chuoni mtu wa kompyuta ni fundi wa kila chenye waya. Mwalimu wa ushonaji alileta pasi. Mhasibu alileta simu ya mama mkwe wake iliyosahau nywila. Nikimwambia mtu nina kazi, anatazama skrini yangu nyeusi yenye maandishi, anasema, "Lakini Madam, mbona umekaa tu?"

Hatimaye mashine ikawaka, na ikatambaa. Kufungua ukurasa mmoja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Nilipoteza mchana mzima nikidhani wazo lenyewe ni bovu, kumbe faili lilikuwa linakwenda kwenye ile diski ya zamani inayokohoa. Mahali pa kuweka faili hapaandikwi kwenye mipangilio ya mashine. Panaandikwa kwenye mipangilio ya huduma yenyewe, mstari mmoja ndani ya faili refu, na huduma isipoanzishwa upya haiusomi. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu kwa hasira, mpaka mwalimu wa ushonaji akachungulia kuona kama nipo salama.

Bado kulikuwa na jambo moja. Kila nilipoifunga mashine, seva ilikwama ikiandika kwenye diski kumbukumbu yote ya mashine ambayo tayari ilikuwa imekufa. Kuna neno unaloongeza kuiambia isijisumbue, itupe tu. Nikaliongeza. Tangu hapo mashine zikawa zinafungwa papo hapo na faili zao zinaondoka nazo. Ndivyo inavyotakiwa, maana ule mpango wa zamani wa mashine kuamka tupu sikuubadilisha. Faili lile halihifadhi kitu. Ni mahali pa kufanyia kazi, na mashine ikizimwa kilichokuwemo kimekwenda.

Nikaita darasa zima. Wakakaa wote kwa pamoja, kila mmoja na skrini yake, zikawaka zote. Haziendi kama risasi, lakini zinaenda, na hakuna iliyoganda. Nilifurahi sana, furaha ambayo mtu hupata mara chache kazini. Mama Kijacho aliandika jina lake kwa herufi kubwa mno, akaligeuza rangi, akalifuta.

Mkuu alikuja kuona. "Shikamoo Mkuu," nikamwambia, naye akaitika marahaba huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Nikamweleza kwa lugha nyepesi, kwa sababu nilitaka aelewe kwa nini ile seva haitakiwi kuguswa.

"Kwa hiyo diski tuliyokuletea ndiyo inabeba kumbukumbu," akasema.

"Ndiyo Mkuu, kwa namna fulani. Lakini haihifadhi, umeme ukiondoka..."

"Kumbukumbu iko kwenye diski," akarudia taratibu, akiyaonja maneno. "Basi kamati ilikuwa sahihi."

Nikajaribu tena kumwambia ile lakini yangu. Alikuwa ameshaniinulia kiganja, ile ishara yake ya kusema jambo limeeleweka. Kisha akasema sentensi ambayo hapa kwetu hakuna anayeweza kuipinga. "Hii lazima izinduliwe."

Sisi hatuanzi kutumia kitu mpaka kizinduliwe. Tumezindua tangi la maji lililokuwa linatumika tangu masika, tumezindua choo, tumezindua hata uzio. Lazima awepo mgeni rasmi, utepe, na viti vya kukodi vyenye vitambaa. Mgeni rasmi akapatikana, kiongozi mmoja mwenye shughuli nyingi, na nafasi yake pekee ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya mtihani. Mtihani ni wa siku mbili. Wanafunzi wanajenga kazi yao siku ya kwanza, mashine zinabaki zinawaka usiku kucha, seva ikiwa na betri yake ya akiba umeme ukikatika, na siku ya pili wanaendelea hadi mwisho. Nilikwenda kumwomba Mkuu asogeze sherehe hadi mtihani uishe.

"Mgeni rasmi hapangiwi tarehe, Madam."

"Basi chumba cha seva kisifunguliwe."

"Sasa atazindua nini?"

Nikarudi zangu nikaandika kwa kalamu nene, USIZIME, nikabandika juu ya seva.

Siku ya kwanza ya mtihani ilikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Msimamizi alikuwa mama mmoja mkavu aliyetoka mkoa mwingine, asiyecheka, na mimi nilimpenda kwa hilo. Kazi ilikuwa kujenga mfumo mdogo wa ofisi, wa kupokea mali na kutoa stakabadhi. Mama Kijacho alijenga wa kupokea alizeti, bila shaka. Nilipita nyuma yake nikaona ameshaweka uzito wa gunia, unyevu wa mbegu, jina la mkulima, na jumla zinajihesabu zenyewe. Jioni msimamizi alisema hakuna anayegusa mashine mpaka kesho, mimi nikiwemo. Akabandika karatasi yenye sahihi yake kwenye mlango wa darasa. Mlango wa chumba cha seva hakuubandika, maana chumba hicho hakina skrini wala kibodi, na ufunguo wa akiba ulikuwa kwa Mkuu tu.

Asubuhi tuliamriwa watumishi wote tukapange mstari getini kumpokea mgeni. Nilisema mimi nibaki karibu na seva. Nikaambiwa mgeni akikuta mstari una pengo ataona chuo hakina watu. Nikasimama juani na sare yangu ya kitenge, vumbi la barabara likitupitia usoni, tukiwa tumeshika maua ya plastiki. Mgeni alichelewa kama wanavyochelewa. Alipofika tulicheza, tukaimba, tukapeana mikono, tukamsindikiza hadi penye utepe, mbele ya mlango wa chumba changu.

Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Niliona mkasi ukiinuliwa, nikasikia utepe ukishangiliwa. Mgeni akaingizwa ndani pamoja na Mkuu na mpiga picha. Halafu nikasikia feni za seva zikinguruma kwa nguvu zote. Feni za seva huwa zinanguruma hivyo wakati mmoja tu, pale inapoanza kuwaka.

"Makofi ya kilo!" akasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti. "Mgeni rasmi ameiwasha!"

Nilisukuma watu nikaenda dirishani pa darasa. Mlango ulikuwa bado umebandikwa ile karatasi yenye sahihi, hakuna aliyeuvunja, na ndani skrini zote zilikuwa zinaonyesha picha ya kuanzia, ile ile ya kompyuta isiyojua lolote. Kijana mmoja wa darasa langu alikuwa amesimama pembeni yangu. "Madam, zimeanza upya," akasema. "Zote." Habari ikapita kwenye safu ya viti vya wanafunzi, kichwa kwa kichwa, na niliona inavyomfikia Mama Kijacho aliyekaa mbele kabisa.

Alikaa mbele kwa sababu ndiye aliyechaguliwa kusoma risala ya wanafunzi. Mkuu alisema ana sauti nzuri, na pia mgeni akimwona katika hali ile atajua chuo kinajali makundi maalumu. Risala ilikuwa imeandikwa ofisini. Mshereheshaji akamwita, akainuka kwa kushika mgongo wa kiti, akasimama mbele ya kipaza sauti na karatasi yake.

Akasoma salamu zote, kwa kila cheo, bila kuruka. Akasoma historia ya chuo. Akafika pale panaposema, "Tunaushukuru uongozi kwa kutuletea kumbukumbu mpya, ambayo imeondoa kabisa tatizo la..." Akanyamaza. Watu wakapiga makofi, kwa sababu kwenye risala msomaji akinyamaza huwa anasubiri makofi. Akayaacha yaishe. Akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, "kazi yangu ya mtihani ya jana ilikuwa ndani ya mashine uliyoiwasha sasa hivi. Ilizimwa ili uje uiwashe. Kazi haipo tena, yangu na ya wenzangu. Mimi hali yangu mnaiona. Naomba nijue nitaifanya lini."

Vitambaa vya viti vilikuwa vikipigwa na upepo. Nilitaka kulia na nilitaka kumshangilia. Mgeni rasmi alimtazama Mkuu, Mkuu akatazama viatu vyake. Kisha mgeni akasogea mbele kwenye kipaza sauti, akatabasamu kwa upole wa mtu aliyezoea.

"Nampongeza mama yetu kwa ujasiri," akasema. "Changamoto hiyo tumeipokea, tutaifanyia kazi."

Wakapiga makofi tena.

Nilimkuta Mkuu kwenye korido wageni walipoingia kula. Sikumwamkia. Nilimwuliza kama alisoma karatasi niliyobandika.

"Niliisoma," akasema. "Lakini hiyo si kwa watu wa kawaida? Mimi nimeizima kwa taratibu, nimebonyeza kile kitufe nikashikilia mpaka ikatulia yenyewe. Na wewe mwenyewe ulisema kumbukumbu iko kwenye diski. Kilicho kwenye diski hakipotei."

"Mkuu, nilisema haihifadhi."

"Sasa Madam," akasema, na nafikiri kweli hakuelewa kosa liko wapi, "mgeni angewasha kitu kinachowaka?"

Nimekuwa na hasira nyingi katika kazi hii, na watu, na mashine, na waandishi wa maelezo, lakini ile ilikuwa hasira isiyokuwa na pa kushika. Alikuwa hajafanya kwa ubaya. Alikuwa amefanya kile ambacho kila mtu pale angekifanya, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi.

Msimamizi hakula chakula cha wageni. Alitukusanya darasani akasema kwa sauti yake kavu kwamba yeye kesho asubuhi anatakiwa kituo kingine, hana mamlaka ya kuongeza siku. Anachoweza kutoa ni mchana ule wote hadi giza. Anayeweza aanze upya amalize. Asiyemaliza atarudia mwaka ujao. Vijana wakaruka kwenye viti vyao. Kwao ilikuwa mbio tu, vidole vinakumbuka. Mama Kijacho alikaa taratibu, akavua viatu, akafuta kibodi, akaanza.

Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha seva, mgongo kwenye mlango, ufunguo wa akiba mfukoni. Nilikuwa nimeuomba kwa Mkuu na kuupokea kabla hajapata neno la kusema. Alikuja mpiga picha akitaka picha moja zaidi ya mashine. Nikamwambia akisogea nitamvunjia kamera, na nilimaanisha.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, kijana alikuja kuniita. Mama Kijacho alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili, jasho kwenye mdomo wa juu. Nilimwambia tuite bajaji. Akasema bado, amalizie jumla. Akaandika. Maumivu yakaja tena, akashika ukingo wa meza mpaka yakapita, akaandika tena mstari mmoja. Safari ya tatu hakuweza kunyooka. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, akamwambia, "Mama, inatosha, nenda." Alipofika mlangoni alinigeukia.

"Madam, usiizime."

Nikamwahidi. Bajaji ilipomchukua nilimwomba msimamizi ruhusa ya kuigusa mashine ile moja, akanipa. Safari hii sikuliachia lile faili la kumbukumbu linaloondoka na mashine. Kuna amri nyingine, inayoisimamisha mashine ilivyo na kuandika kila kitu kilichomo kwenye faili la kudumu, mpaka kishale kilipokuwa kimesimama. Niliiandika, nikaitazama mpaka ikamaliza, nikanakili faili hilo kwenye diski nyingine na nyingine tena, moja nikaenda nayo nyumbani. Wenzake wengi walimaliza usiku ukiingia, kazi zao nyembamba kuliko za jana lakini zikapokelewa. Yake msimamizi aliandika haikukamilika, kwa sababu haikukamilika. Alfajiri akaondoka na basi.

Mtoto alizaliwa usiku huohuo, wa kike, nikaambiwa wote wazima. Baada ya siku za uzazi kupita Mama Kijacho alikuja chuoni kusalimia, mtoto akiwa mgongoni kwenye kitenge kipya. Nilimpa hongera ya uzazi, nikamkalisha, na sikuweza kusubiri hata amalize soda. Nikamwambia nina kitu cha kumwonyesha. Nikaliita lile faili, nikaiamsha mashine yake. Ikaamka pale pale alipoiachia, na mfumo wake wa alizeti, na mstari wa mwisho ukiwa nusu.

"Haijapotea hata herufi," nikamwambia. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyemrudishia mwenzake mali iliyoibiwa. "Ukitaka unaweza kumalizia sasa hivi."

Aliusoma ule mstari, akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo halikuwa kwa ajili yangu.

"Asante, Madam. Umehangaika," akasema. "Lakini hii naijua. Nimeshaifanya mara mbili, hata sasa hivi nikikaa naifanya ya tatu. Kilichopotea ni ile siku."

Kiwanda kilikuwa kimeshaweka mtu mwingine. Magunia yalikuwa yameanza kuingia, alisema, malori yamepanga mstari hadi barabarani, na hawakuweza kungoja. Hakuwalaumu. Nilimwuliza kama alirudi kuonana nao, akasema alirudi, wakampa mtoto biskuti.

Mtoto akaamka, akalia. Akamshusha mgongoni, akamweka begani akimpigapiga, akaniuliza mtihani mwingine ni lini. Nilikuwa nalijua jibu na sikutaka kulitoa. Nikamwambia mwaka ujao, kabla ya msimu.

Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mwaka ujao," akasema, "huyu atakuwa anatembea."